RITIFAA YA MNG'ARO IHESHIMIWE

Mng'aro, kata iliyomo katika Wilaya ya Lushoto, huandikwa kwa ritifaa. Alama hiyo si pambo. Ndiyo inayotofautisha ng'oa, yaani kutoa kitu pamoja na mizizi yake, na ngoa, yaani wivu. Mwenye kuiondoa ameandika neno jingine.

Hata hivyo, barua pepe itokayo milima ya Usambara kwenda Tanga au Dodoma yaweza kumfikia msomaji ikiwa na "Mngâ€™aro". Wako wanaocheka, na wako wanaoilaumu mashine.

Chanzo chajulikana. Jedwali la ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963, lina nafasi 128 tu, nalo lilitungwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Ritifaa iliyonyooka imo. Ile iliyopinda, ambayo programu nyingi za kuandikia huiweka zenyewe bila mwandishi kuulizwa, haimo. Mfumo wa UTF-8, uliobuniwa mwaka 1992, huihifadhi ritifaa hiyo kwa baiti tatu. Programu ya mpokeaji ikizisoma baiti hizo kwa jedwali la zamani la Windows, kila baiti hugeuka alama yake: â, €, ™. Baiti zote zimefika salama. Kilichokosekana ni mapatano baina ya mtumaji na mpokeaji.

Hatari kubwa huanza pale karani anapoziona taka hizo akazifuta pamoja na ritifaa yenyewe. Mng'aro hugeuka Mngaro. Orodha moja ikiwa na jina hili na nyingine ikiwa na lile, kompyuta huhesabu kata mbili, na mkulima wa mboga ndiye anayeambiwa arudi kesho.

Dawa ipo, wala si ghali. Wizara, halmashauri na mashirika ya umma yaagize UTF-8 itumike tangu barua inapoandikwa hadi inaposomwa, na kila barua pepe itaje jedwali lililotumika. Daftari za kompyuta zihesabu ritifaa iliyonyooka na iliyopinda kuwa ni kitu kimoja. Fomu yoyote inayoikataa ritifaa katika jina la mwananchi irekebishwe. Nalo BAKITA, lililoundwa mwaka 1967 kukisimamia Kiswahili, lilitamke jambo hili waziwazi.

Lugha ya Taifa haipunguzwi ili ienee katika mashine. Wenye dhamana ya mashine ndio wanaopaswa kuzirekebisha.