Maji ya samaki yasiwatoe watoto darasani

Juma hili tunataka kuwaelezea kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Wengi wenu hapa Uvira mnajua beseni la tilapia ambalo kikundi chetu kilijenga katika parseli ya mwenzetu, kwa feza za likelemba. Nia ilikuwa njema: watoto wapate samaki hata siku ndagala wanapopanda bei sokoni. Beseni lina urefu wa meta 2, upana wa meta 1, na maji ya kina cha sentimeta 50. Ni litri 1000, yaani bidoni 50 za litri 20. Tulitia vifaranga 40.

Baada ya majuma machache maji yakaanza kunuka, na kila alfajiri samaki walikuja juu kuhema. Tukaambiana: tubadilishe maji. Kila Jumatatu asubuhi nusu ilimwagwa, nusu mpya ikaletwa. Bidoni 25. Nani alizibeba? Sisi tunaofundisha tuliona jibu katika rejista: wasichana watatu walewale walichelewa kila Jumatatu, na mmoja mara nyingine hakuja kabisa. Walikuwa wanabeba maji ya samaki wetu. Beseni lililojengwa ili watoto wale vizuri na kusoma vizuri lilikuwa linawatoa darasani.

Ndipo tulipojifunza kwamba maji ya samaki hayahitaji kumwagwa kila mara. Yanahitaji mahali pa kusafishiwa.

Samaki hutoa sumu iitwayo amonia, sehemu kubwa kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Lakini kuna bakteria wanaoishi juu ya mawe. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati ni mbolea ambayo mimea huila.

Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa bahari nyumbani, ndani ya masanduku ya vioo, wanatumia kazi hiyo ya bakteria na mimea. Chini ya sanduku la samaki huweka chombo cha pili. Maji huteremka humo, uchafu hutua, na upande mmoja huota majani ya baharini, ambamo hata wadudu wadogo hujificha wasiliwe. Kisha pampu hurudisha maji juu. Sisi tulichukua mpango huo kwa maji yetu yasiyo ya chumvi.

Kando ya beseni la samaki, mahali pa chini zaidi, fundi alitujengea beseni dogo: urefu meta 1 na sentimeta 50, upana sentimeta 60, kina sentimeta 50. Tiyo moja hutoa maji karibu na ukingo wa beseni la samaki na kuyateremsha yenyewe. Ndani ya beseni dogo kuna kuta mbili za kimo cha sentimeta 35, na maji hupita juu yake. Hivyo tuna vyumba vitatu:

Chumba cha kwanza ni cha kutulia. Maji hupunguza mwendo na uchafu hushuka chini. Robine iliyo chini hutoa matope hayo, nasi tunayamwagia lengalenga.

Chumba cha pili kina kokoto za mto. Humo bakteria wanaishi, na juu yake tumepanda matembele. Mizizi inashuka katikati ya kokoto.

Chumba cha tatu kina majani madogo ya kijani yanayoelea. Tilapia wanayapenda, kama yangekaa juu, wangeyamaliza haraka. Huku chini yanaongezeka kwa amani, nasi tunawachotea kiasi kama chakula. Pampu inakaa hapo, imefungwa katika kipande cha chandarua ili isimeze majani. Inatosha irudishe karibu litri 1000 kwa saa.

Sasa sikilizeni sana, maana hapa tulipoteza samaki. Katika juma la kwanza umeme ulikatika usiku. Mdomo wa tiyo la kurudisha maji ulikuwa umezama hadi chini ya beseni la samaki. Pampu iliposimama, maji yalirudi nyuma kupitia tiyo lilelile. Beseni dogo likafurika, parseli ikawa tope, na asubuhi samaki walikuwa wamelala ubavu katika maji ya vidole vinne. Walikufa 11.

Dawa yake ni tundu dogo. Toboeni tiyo hilo sentimeta 3 chini ya uso wa maji ya beseni la samaki. Umeme ukikatika, maji yatashuka mpaka kwenye tundu, hewa itaingia, na maji yatasimama. Fanyeni hesabu pamoja na watoto: meta 2 mara meta 1 mara sentimeta 3 ni litri 60. Katika beseni letu dogo, litri 60 zinapandisha maji karibu sentimeta 7. Sisi tunaacha sentimeta 15 tupu. Sehemu hiyo tupu isijazwe kamwe, hata ikionekana kama ni hasara. Na tundu lisafishwe kila juma, kwa sababu ukungu wa kijani huliziba.

Umeme ukikosekana muda mrefu, msiwape samaki chakula. Choteni maji kwa ndoo na kuyamwaga tena kutoka juu, ili hewa iingie.

Mambo mengine ya kutunza ni haya. Bakteria huchukua majuma 4 hadi 6 kuenea, basi anzeni na samaki wachache na chakula kidogo. Kokoto zisioshwe kwa sabuni. Zisuuzwe sehemu tu, kwa maji ya beseni lenyewe. Maji ya robine yenye dawa yaachwe wazi siku moja au mbili kabla ya kutiwa. Jua likipunguza maji, kina kitashuka katika chumba cha tatu: ongezeni hapo. Chomoeni pampu kabla ya kuingiza mkono, na maungio ya nyaya yakae juu, pakavu. Mabeseni yote mawili yafunikwe kwa wavu wa chuma, maana mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache.

Leo tunaongeza bidoni 6 au 7 kwa juma, badala ya 25. Tunazibeba sisi wenyewe, kwa zamu, Jumamosi. Katika kikao tuliwaomba radhi wale wasichana watatu mbele ya mama zao. Mmoja alituuliza kama anaweza bado kuja kuwapa samaki majani. Tulimjibu: ndiyo, baada ya masomo.

Basi wamama, kikundi chenu kikitaka kuanza beseni, au bustani, au kuku, kabla ya kununua simenti mwulizane kwanza: kazi ya kila siku itafanywa na nani, na saa ngapi? Jibu liandikwe katika daftari la kikundi, pamoja na hesabu ya feza.

Anayetaka kuona lile tundu kwa macho yake aje Jumamosi asubuhi, na bidoni moja mkononi. Juma lijalo tutazungumza juu ya kukausha matembele. Mbaki salama.