Ujira wa Msanii wa Kijijini

Mwaka 1945, katika kisiwa cha Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya ndefu aliyoiandika kwa Kikerewe. Ni habari za mume na mke waliochelewa kupata mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na jinsi jamaa zao walivyoingia kati ya ndoa hiyo. Ndani yake mwandishi alihifadhi kilimo, uvuvi, dawa za miti na adabu za ukweni, mambo aliyochelea kwamba yangesahauliwa. Alitafuta mchapishaji asimpate, kwani lugha yenyewe ilikuwa na wasomaji wachache. Alipokuwa mzee aliifasiri kazi hiyo mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981 kabla nakala zilizochapishwa hazijamfikia mkononi.

Miaka 35 ilipita tangu alipoweka kalamu chini hadi kazi yake kuchapishwa. Leo hii riwaya hiyo imefasiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, na wasomi wa mbali wanaitolea mihadhara. Kitereza alikuwa Mkatoliki, na huenda msomaji akauliza anatafuta nini katika ukurasa wetu wa Ijumaa. Tunamtaja kwa kuwa alikuwa jirani yetu wa ziwa hili, na kwa kuwa yaliyompata yangali yakiwapata wengine, wakiwemo watoto wetu sisi.

Mwenye kutoka Mwanza mjini akifika Usagara huikuta njia imegawanyika, moja ikielekea Shinyanga na nyingine ikishuka Kigongo. Hapo Kigongo, kwa miaka mingi, abiria walilazimika kungoja kivuko cha kwenda Busisi, na mwenye kungoja hununua. Tangu Juni 2025 gari hupita juu ya daraja kwa dakika chache tu. Hiyo ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwayo. Lakini mama aliyesuka kikapu hana tena abiria wa kumngoja. Anabaki na mchuuzi anayemfuata nyumbani, akijua kwamba mama huyo ana ada ya shule ya kulipa kesho, na akataja bei kwa kadiri ya dhiki ya mama, si kwa kadiri ya kazi.

Nabii Shuaib (A.S.) aliwakataza watu wa Madyan wasiwapunguzie watu thamani ya vitu vyao. Tumezoea kuyafahamu makatazo hayo kwa mizani ya mchele na kibaba cha maharage. Je, mkeka uliosukwa kwa wiki kadhaa, kisha ukanunuliwa kwa bei isiyofika hata gharama ya chakula cha msukaji, haumo?

Na tusiwalaumu wachuuzi peke yao. Hebu tuzitazame shughuli zetu wenyewe. Tunawaalika vijana wa kaswida kutoka kijijini, wanafika tangu alasiri na kanzu zao zilizopigwa pasi, wanaimba hadi usiku wa manane. Mwenye spika analipwa, tena hulipwa kwanza. Mpiga video analipwa. Vijana wanapewa pilau na dua, na nauli ya kurudi wanaijua wao. Mtume (S.A.W.) ametuagiza kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. (Suala la ujira wa kusoma Qur'ani lina maelezo marefu ya wanavyuoni, nasi hatuliingii hapa; tunazungumzia utunzi, ushonaji, ufinyanzi na usukaji.) Wala hatusemi kwamba kila kinachoitwa sanaa tunakikubali. Ngoma zenye ushirikina msimamo wetu juu yake unajulikana. Ila tumeona watu wakilitumia neno hilo la haramu kama kichaka cha kukwepa kulipa, hata pale ambapo wao wenyewe walikaa mstari wa mbele wakifurahia.

Mtunzi naye ana haki ambayo mara nyingi hakuambiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtu wa kijijini sawasawa na mwimbaji wa Dar es Salaam, na kazi yake inaweza kusajiliwa COSOTA. Anayerekodi kaswida ya mwenzake kwa simu kisha akaiuza amechukua mali ya mtu. Na kwa wenye miswada sandukuni, tangu mwaka 2023 imekuwapo Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza na riwaya na ushairi wa Kiswahili. Laiti ingalikuwapo zama za Kitereza! Mzazi aliye Usagara anayemwona bintiye akijaza daftari la hisabati kwa mashairi amkemee kwa ajili ya hisabati akipenda, lakini amnunulie daftari la pili.

Miezi ya Maulidi inapokaribia, kamati za misikiti hukaa na kuandika makisio: mchele, nyama, turubai, spika. Tunaziomba kamati hizo ziandike pia fungu la mtunzi na la vijana wa kaswida, liwe na kiasi kinachotajwa kwa tarakimu, na walipwe usiku ule ule kabla hawajapanda gari.