MAMBO YA ASKARI WA ZAMANI: Nishani Zisizoandikwa Kitabuni

Mji wa Lodwar hutajwa sana katika vitabu vya historia kwa sababu ya mfungwa wake, Mzee Jomo Kenyatta, aliyewekwa huko tangu mwaka 1959 hata 1961. Kakuma nayo inajulikana ulimwenguni kwa kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992. Ni mara chache miji hii miwili kutajwa kwa habari za askari wake wa zamani. Hata hivyo, katika nchi ile kavu iliyo kati ya Lodwar na Kakuma wako watu ambao baba zao na babu zao waliitumikia Keya, yaani jeshi la King's African Rifles, na ambao hawana karatasi hata moja ya kuonyesha utumishi huo.

Na mtu afikirie jambo hili. Mjukuu afungua sanduku la bati la marehemu babu yake, akuta ndani yake nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe uliochakaa. Aigeuza nyuma, hakuna jina. Atazama ukingoni, hakuna namba. Atauliza: Je, ni ya babu, au babu aliipata kwa mtu mwingine? Na kama ni yake, mbona ni moja tu, na mzee alikuwa akisimulia habari za nchi mbili?

Kutokuwa na jina si dalili ya udanganyifu. Nishani za Vita Kuu ya Kwanza zilichongwa ukingoni jina la askari na namba yake. Lakini baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya Uingereza iliamua kuzitoa nishani zake bila majina. Australia na Afrika Kusini ziliwachongea watu wao majina. Askari wa Keya hakuchongewa. Kwa hiyo nyota yenyewe haiwezi kumtolea mtu ushahidi. Kinachomtolea ushahidi ni kitabu cha jeshi, na kitabu kikiwa na kasoro, heshima ya mtu nayo imepungua, hata kama nyota anayo mkononi.

Katika habari za nishani na nchi ya Turkana liko jambo moja la ajabu. Kabla Waturkana hawajavaa sare ya Keya, Keya ilikwenda kuwapiga. Palikuwa na vita mwaka 1915, kisha ikaja safari kubwa ya Labur mwaka 1918, na mifugo mingi ikachukuliwa. Askari waliokwenda katika safari hizo walipewa Nishani ya Afrika yenye pini iliyoandikwa Afrika Mashariki na mwaka wake. Basi nishani za kwanza zilizohusu nchi ya Turkana zilitolewa kwa kuwapiga Waturkana wenyewe. Miaka 22 baadaye serikali ile ile iliwapa Waturkana bunduki, ikawaomba waulinde mpaka.

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na upande wa kaskazini wa Ziwa Turkana ukawa mstari wa mbele. Wamerille, ambao leo huitwa Wadaasanach, walipewa silaha na Waitalia. Waturkana wakapewa na Waingereza. Mapema mwaka 1941 Brigedi ya 25 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na batalioni za Keya, ilivuka kutoka pande za Lokitaung na Todenyang, ikasonga mbele hata ikafika Maji katika Ethiopia. Pamoja na askari wa batalioni walikuwako Waturkana wasio wa jeshi la kawaida, wapiganaji walioijua njia na visima, wakafanya kazi ya upelelezi na ulinzi.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza unapoanza. Askari wa batalioni alikuwa na namba, alikuwa na karani wa kumwandika, na siku ya kuachishwa alipewa cheti. Mpiganaji wa wilaya aliitwa na Bwana D.C., akapewa bunduki na posho, na vita vilipokwisha alirudisha bunduki akaenda zake malishoni. Anayetafuta jina la mtu wa namna hiyo katika vitabu vya batalioni hana budi kukosa, si kwa sababu mzee alisema uongo, bali kwa sababu anatafuta mahali pasipo pake. Habari za watu hao, kama zipo, yafaa zitafutwe katika majalada ya wilaya. Taarifa nyingi za zamani za wilaya ya Turkana zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi, na mtu aweza kwenda kuzisoma.

Ugumu wa pili ni jina, na huu ndio mkubwa kuliko yote. Mtoto wa Kiturkana aliyezaliwa wakati wa mvua huenda akaitwa Ekiru au Lokiru. Akikua na kumpata dume lake la ng'ombe ampendaye, watu humwita kwa jina la dume huyo, likitanguliwa na neno Apa, maana yake Baba. Huenda kijana aliandikwa jeshini kwa jina la utotoni, akazeeka na kufa kwa jina la dume lake, na wajukuu wakalijua hilo la pili tu. Ongeza juu ya hayo karani wa jeshi. Ziko lugha za Kenya zisizo na sauti ya L, na karani aliyezaliwa katika lugha hiyo aliposikia Lokiru huenda aliandika Rokiru, tena kwa mwandiko mzuri kabisa. Tangu siku hiyo mtu yule amekaa katika herufi R, na jamaa zake wanamtafuta katika herufi L.

Tarehe ya kuzaliwa haisaidii sana, kwa kuwa mzee alizaliwa mwaka wa ukame fulani, na 1 Januari iliyo katika kitambulisho chake iliwekwa na ofisi.

Sasa, nishani gani zilimpasa mtu? Swali hili hujibiwa kwa mahali na tarehe, wala halijibiwi kwa ushujaa. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga, ilihesabu pia vita vya Ethiopia, Eritrea na nchi za Somali, kuanzia 10 Juni 1940 hata 27 Novemba 1941, siku ambayo Waitalia walisalimu amri Gondar. Nyota ya Burma ilikuwa ya wale waliofika katika uwanja wa vita huko, kama askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw katika mvua na matope ya mwaka 1944, wakauvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Nyota ya 1939–1945 ilitaka, kwa kawaida, miezi sita katika uwanja wa vita. Nishani ya Vita ilitaka utumishi wa siku 28 tu. Basi askari aliyekwenda Maji na kisha Burma, akiwa na nyota moja tu sandukuni, hapana shaka amepungukiwa.

Aghalabu jamaa hukosea hapa. Huandika barua kuomba nishani, nao wangepaswa kwanza kuomba utumishi usahihishwe. Ofisi haiwezi kutoa Nyota ya Burma kwa mtu ambaye kitabu chake kinasema hakutoka Kenya. Hapana budi waonyeshe kwanza kwamba alitoka: cheti cha kuachishwa, kitabu cha mshahara, barua aliyoandika, picha yenye alama ya kikosi begani. Shajara za vita za batalioni, zilizowekwa Kew huko London, husema kikosi kilikuwa wapi siku gani. Kwa kawaida hazitaji majina ya askari wa chini, ila zikiunganishwa na cheti chenye jina la batalioni, hujaza pengo kubwa.

Juu ya jina, dawa yake iko karibu. Chifu aweza kuandika barua ya kumtambulisha mzee na ukoo wake. Kisha wazee wawili waliomfahamu, kama bado wapo, na waape mbele ya afisa wa viapo kwamba mtu wa jina la jeshini na mtu wa jina la dume ni mmoja. Mahakama iko Lodwar, na Kakuma pia iko. Si lazima mtu kusafiri mbali. Hati hiyo ya kiapo, pamoja na nakala za karatasi nyingine, hupelekwa kwa Idara ya Nishani ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, kwa kuwa ndiyo inayotoa nishani za vita vile. Kama askari amekufa, ombi hutolewa na ndugu wa karibu wa kisheria, wala si na mjukuu yeyote aliyejaliwa kusoma. Nishani ambayo haikutolewa kamwe haiuzwi, na anayedai ada ya kuipata kwa haraka na aepukwe. Lakini iliyotolewa zamani ikapotea ni habari nyingine, na barua iseme waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili.

Wako wanaouliza taabu yote hii ni ya nini, maana nyota hizi hazina pensheni. Ni kweli, hazina. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya karatasi ya zamani iliyoonyesha bakshishi ya kumaliza vita ilivyogawanywa kwa rangi: askari mweupe wa cheo cha chini shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, Mwafrika shilingi tatu na nusu. Nishani hailipi tofauti ile. Lakini yafaa kukumbuka kwamba utepe ulikuwa wa rangi moja kwa wote, na kwamba katika malipo yote ya vita vile, labda hilo peke yake ndilo lililogawanywa sawa. Kumnyima mtu hilo kwa sababu ya herufi moja ni kumpunja mara mbili.

Wala Turkana haiko peke yake. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na huenda idadi ikafika 350,000. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni mwezi wa Aprili mwaka huo. Majina hayo yanatafutwa katika karatasi, kwa kuwa mashahidi wamekwisha kufa.

Vita vya pili havijafika hapo kabisa. Kijana wa miaka 18 mwaka 1945 alizaliwa mwaka 1927. Walio hai ni wachache mno. Lakini watoto wao wapo, nao walisikia kwa masikio yao jina gani baba aliitwa na wenzake wa jeshini. Mzee wa Kakuma mwenye miaka 75 aweza kuapa juu ya jambo hilo, mwanawe hataweza.

Na hiyo nyota ya sandukuni isisuguliwe kwa majivu ili ing'ae, wala mtu asiichonge jina la babu kwa msumari. Ilitoka bila jina, na ofisi ikiiona imechongwa itaanza kuuliza ni nani aliyechonga.