Kimo cha Eliabu

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili kuingia NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Stephen Curry, mwembamba na mfupi kuliko yeye, alikuwa wa saba. Thabeet alicheza humo hadi mwaka 2014. Curry ametwaa ubingwa mara nne. Tuliomcheka Thabeet tujiulize: ahadi ile aliitoa yeye, au sisi tuliovutiwa na urefu wake? Nabii Samweli naye alivutiwa na kimo cha Eliabu, kumbe Mungu amemchagua Daudi, mchunga kondoo. Tuwalee vijana wetu kwa subira. Na tukiwapima vibaya, tusiwahukumu kwa kosa letu wenyewe.