Ulimi Hauendeshi Masijala

Kuna imani iliyoota mizizi kuanzia ofisi za vijiji hapa Magoma hadi Dodoma: mfanyakazi mzuri hujulikana akifungua mdomo. Mkalishe mbele ya jopo, mwambie ajieleze, baada ya dakika kumi umeshamjua. Si kweli. Ulichojua ni nani kazoea kuzungumza na wakubwa.

Kijana wa Kisambaa aliyelelewa vizuri hufunzwa tangu utotoni kutojisifu mbele ya waliomzidi umri. Siku ya usaili tunamtaka ajimwagie sifa, wakati mwingine kwa Kiingereza, akisita tunaandika "hajiamini". Adabu ya nyumbani inamkosesha kazi, na mwenzake mwenye maneno matamu anakabidhiwa majalada ambayo hayamalizi mwezi bila kuvurugwa.

Mwaka 2022 mtafiti Paul Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi kuhusu njia za kuajiri. Mahojiano yenye maswali yaliyopangwa, sawa kwa kila mtu, yalitabiri utendaji vizuri. Ya kupiga soga yaliachwa mbali.

Nitaambiwa waombaji ni wengi. Ni wengi kweli: mwaka 2014 zaidi ya watu 10,000 walifurika Uwanja wa Taifa kuwania nafasi 70 za Uhamiaji. Lakini mtihani wa mchujo upo kwa ajili ya umati huo. Wanaobaki wapewe kazi yenyewe. Dereva hupimwa kwa vitendo; karani anaponaje? Mpe barua ya malalamiko ya mpaka wa shamba, ya mkono, isiyo na tarehe. Mpe jalada lenye folio zilizoruka, na nusu saa. Aisajili barua, aandike dokezo kwa mkuu wake, aandae majibu. Asiyeshtuka kwamba tarehe haipo, huna haja ya kumuuliza ndoto zake.

Kwa miaka mingi matangazo ya nafasi za makatibu mahsusi yalidai hatimkato ya maneno 100 kwa dakika. Leo kompyuta inatunga barua nzima chai haijapoa. Kazi itakayobaki kwa karani ni kugundua kwamba barua hiyo safi imetaja kijiji kisichohusika. Jicho hilo halipimwi kwa "tueleze habari zako".

Maafisa utumishi wa halmashauri, katika usaili ujao wekeni jalada mezani kwanza. Maswali yafuate.