Andikeni jina la msukaji

Fundi seremala huingia sebule nyingi kuliko mshenga. Nimepeleka makochi Ruangwa mjini, Nachingwea, Mnacho na huku kwetu Nambilanje, na siku hizi kabla sijavua viatu mlangoni najua nitakachokuta sakafuni: kapeti la manyoya, jeupe au la kijivu, limetandikwa mbele ya televisheni, na mtoto anafukuzwa asilikanyage.

Kapeti hilo silipendi, na nasema wazi ingawa wanaolinunua ndio wateja wangu. Vumbi la kwetu ni jekundu. Kiangazi kikikolea, mpaka korosho zinaokotwa, vumbi hilo halina adabu kwa mwenye nyumba wala kwa mgeni, na manyoya hulinywa lote. Kulifua kapeti ni shughuli ya watu wawili na madumu ya maji. Kukauka ni siku mbili ukibahatika. Likishafuliwa mara kadhaa manyoya yanagandana, na safari yake inayofuata ni kuwa kizingiti cha banda la kuku. Sijaona bado familia iliyogombea kapeti la manyoya kwenye mirathi.

Lakini katika nyumba hiyohiyo, ukizunguka uani kuosha mikono, tupa jicho juu ya dari la jiko. Utauona mkeka wa ukindu umekunjwa, umefungwa kamba, moshi umeupaka rangi ya asali. Ni wa bibi, au wa mama yake bibi. Huteremshwa kwenye msiba, au mwali anapotolewa unyagoni, kisha unarudi juu. Sebuleni hauingii. Eti ni ushamba.

Nyumbani kwangu mkeka upo sebuleni. Mke wangu alikuja nao, na aliyeusuka ni mama mkwe. Nilipomwuliza, "Mama, mkeka huu uliusuka mwaka gani?" alijibu bila kufikiri: "Mwaka aliokufa Sokoine, baba. Redio inalia, mimi niko kibarazani nasuka." Basi ni 1984, mwaka waziri mkuu huyo alipofariki. Miaka zaidi ya arobaini, na mistari yake myeusi bado ni myeusi, kwa sababu rangi yake ilichemshwa kwa mizizi ya mdaa. Nyekundu ilikuwa ya unga wa dukani, nayo imefifia, imekuwa kama kutu. Kwa macho yangu imependeza kuliko ilipokuwa mpya. Wageni wakiketi kwenye kochi nililolichonga mwenyewe kwa mninga, hawalitazami kochi. Wanautazama mkeka. Ningekuwa na wivu ningeuficha.

Nautazama kifundi. Mkeka wa ukindu haufumwi kwa kitanda cha mfumi. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa, yakachanwa chane nyembamba za upana mmoja, nyingine zikatiwa rangi. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaozungushwa kama gurudumu kadiri unavyokua, na ukishatosha hushonwa ukingo kwa ukingo mpaka upana upatikane. Chukua mkeka wa futi sita kwa nne, ukili wake upana wa inchi tatu. Hapo pana vipande kumi na sita vya futi sita kila kimoja, yaani futi tisini na sita za ukili, uliosukwa kwa vidole vitupu jioni baada ya shamba. Na maua yote yaangukie mahali pake wakati wa kushona! Aliyeusuka alikuwa akihesabu kichwani mkeka mzima hali mkononi ana utepe wa vidole vinne. Mimi nina futi, penseli na pembemraba, na bado huwa napima mara mbili.

Kazi kama hiyo kwingine duniani inalipwa. Mwaka 2013, mjini New York, zulia la Uajemi la karne ya 17 liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's kwa dola za Marekani milioni 33.7. Zulia hilo linaitwa Clark. Clark ni nani? Ni tajiri wa migodi ya shaba na seneta wa Marekani aliyewahi kulimiliki. Aliyekaa mbele ya nyuzi akifunga mafundo, hana jina. Zulia mashuhuri la Ardabil, lililoko jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, lina afadhali kidogo: ndani yake limefumwa jina la Maqsud wa Kashan na mwaka 946 wa Hijria, sawa na 1539 au 1540. Mwaka 1893 jumba lile lilipolinunua kwa pauni 2,000, jina na mwaka vilikuwa humohumo kwenye nyuzi; hakuna dalali ambaye angeweza kudanganya umri wake. Hata hivyo Maqsud, kwa wanavyoona wataalamu, alikuwa msimamizi. Mafundi wenyewe walibaki nyuma ya pazia.

Msije mkasema hayo ni mazulia ya sufi na hariri, wala si majani. Kule Samoa, katikati ya bahari ya Pasifiki, wanawake husuka mikeka laini kwa majani ya miti ya jamii moja na mkadi wetu wa pwani. Mkeka mmoja unaweza kuchukua miezi, hata miaka. Unatolewa kwenye harusi, kwenye msiba na mtu anapotawazwa uchifu, na ulio mkongwe, uliopita mikono ya watu wa heshima, huthaminiwa kuliko mpya. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Nayo ni majani tu. Tofauti ni kwamba mkeka wa kule una historia inayosimuliwa: ulitoka kwa nani, ukaenda kwa nani, siku gani.

Historia ya mikeka yetu inapotelea hapo. Mwaka 1906, vita vya Majimaji havijapoa sawasawa, Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi akapita Masasi mpaka Newala akikusanya vyombo vya nyumbani kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Jina la mkusanyaji tunalijua hadi leo. Majina ya waliochonga na kusuka, aghalabu hayajulikani. Sisi wenyewe hatujafanya vizuri zaidi. Nenda maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, utakuta mikeka imerundikwa mezani. Ukiuliza ni ya nani, unaambiwa ni ya kikundi.

Mkeka mkongwe usio na jina ni kitu chakavu tu, na mnunuzi anajua. Aliwahi kupita kijana mmoja mwenye gari, ananunua "vitu vya asili" kwa ajili ya hoteli za pwani. Mkeka wa jirani yangu aliuangalia akasema umechakaa, akataja elfu kumi na tano. Kwa mgeni atakayelala kwenye hoteli hizo, sina shaka uchakavu uleule utageuka kuwa ukale, na bei itabadilika barabarani kabla gari halijavuka Mbwemkuru. Jirani hakuwa na la kujibu. Angekuwa na jina la msukaji, mwaka na kijiji vimeandikwa, angalau mazungumzo yangeanzia mahali pengine.

Mimi kila kiti nikimaliza naandika chini yake kwa penseli: jina langu, mwezi, mwaka, Nambilanje. Hakuna aliyenifundisha. Kiti kikirudi kutengenezwa baada ya miaka kumi najua nilitumia mbao gani. Kwa nini msukaji asifanye hivyo?

Nimeuliza wanawake kadhaa, na jibu la kwanza lilikuwa kicheko. "Kwani nimejenga msikiti?" mmoja alisema. Mwingine alitoa hoja nzito: mkeka unakaliwa, jina lake likalaliwe na watu asiowajua? Nikamwambia liwekwe upande wa chini, kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa nyuma ya taraza, kama wafanyavyo washonaji wa makoti. Huyo alikubali. Wanaojua herufi wanaweza kuzisuka. Neno KARIBU mbona huwa wanalisuka.

Kwa walio na mikeka ya zamani, mwulizeni bibi leo, akiwa hai. Andikeni kwenye karatasi. Kisha uteremsheni mkeka, upigeni vumbi upande wa nyuma, ufuteni kwa kitambaa kilichokamuliwa, uanikeni kivulini penye upepo. Usilazwe kwenye sakafu mbichi, mchwa hawaulizi umri. Ukitaka kuutundika ukutani, usiupigilie misumari: ushonee ukingo wa juu kwenye ubao mwembamba, halafu ubao ndio utundikwe, na uache upenyo wa kidole kati ya mkeka na ukuta.

Na Halmashauri, zinazotoa mikopo ya asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ziwahimize wasukaji wanaokopa kuuza mkeka ukiwa na jina. Kitambaa na uzi ni gharama ya maandazi.

Mimi nimeshaagiza wangu kwa binti mmoja wa hapa kijijini, futi sita kwa nne, jina lake lisukwe pembeni kwa chane nyeusi. Tulikuwa tumeshaelewana bei. Juzi amekuja kuniambia herufi zinamchelewesha, S inakataa kupinda, inatoka kama 5, kwa hiyo anaongeza elfu kumi. Nimemlipa.