Magofu ya Pemba Yasingoje Watalii



Natoa maoni yangu juu ya majengo ya kale ya kisiwani Pemba. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Vitongoji, Wilaya ya Chake Chake, na jambo hili hunigusa kila ninaposomesha historia.

Yanapotajwa majengo ya kale ya Zanzibar, mawazo ya wengi hwenda moja kwa moja Mji Mkongwe wa Unguja. Ni haki yake. Mji ule uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoanguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, nchi nzima ilishituka. Lakini ukuta ukianguka Pujini, nani atashituka? Labda mchunga mbuzi tu.

Pujini si mbali na kwetu. Pana mabaki ya ngome ya karne ya 15 inayohusishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye wazee husimulia kuwa aliwabebesha watu mawe huku wakisota kwa makalio. Inasimuliwa pia kuwa kisima cha pale kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane wanapoteka maji. Wataalamu waliochimba pale katika miaka ya 1990 walikuta chumba cha chini ya ardhi, na ukutani sura ya siwa iliyofinyangwa kwa chokaa. Siwa ndilo baragumu la enzi la watawala wa pwani yetu. Huo ni ushahidi kwamba hapa palikuwa na dola.

Pamoja na hayo, mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, "Mwalimu, ngome ile waliijenga Wareno?" Simlaumu mtoto. Amezoea kusikia kuwa kila jengo la mawe limeletwa na mgeni. Hajaiona misikiti na makaburi ya Ras Mkumbuu, wala ya Chwaka karibu na Tumbe, miji iliyostawi kabla ya merikebu za Vasco da Gama kufika pwani hii mwaka 1498. Mtoto asiyejua kuwa babu zake walijenga miji atakuwa tayari kuamini lolote analoambiwa juu yao.

Sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tunayo tangu enzi za ukoloni. Lakini sheria pekee haizuii jiwe lisichukuliwe. Ngome ya Chake Chake yenyewe, sehemu yake kubwa ilivunjwa wakati huo huo wa ukoloni ili kupisha hospitali, na iliyosalia ndiyo makumbusho. Huko mashamba maadui ni mvua, mizizi ya miti na mikono yetu. Mtu anayetafuta mawe ya msingi wa nyumba akiyaona yamelala bure, na hakuna aliyemweleza thamani yake, atayachukua.

Wako watakaosema kuwa tuna mahitaji makubwa zaidi, kama madawati na dawa. Ni kweli, nami ninayajua madarasa yetu. Lakini ninayoyapendekeza hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, kila gofu lipate mlinzi kutoka shehia ile ile, alipwe posho, na sehemu ya kiingilio cha wageni ibaki kwa wanakijiji. Mtu hulinda kinachomfaa.

Pili, matengenezo yafanywe kwa chokaa na si kwa saruji. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta wa mawe ya matumbawe huharibika kwa ndani huku nje unang'aa. Mafundi wazee wanaoijua chokaa wafundishe vijana wangali hai.

Tatu, mtoto wa Pemba asimalize skuli ya msingi kabla ya kupelekwa walau kwenye gofu moja. Nasi walimu tuyaandike masimulizi ya wazee wetu, kwani mzee naye akiondoka harudi.

Watalii wakija, tuwakaribishe. Lakini tusingoje wao ndio watuoneshe kuwa chetu ni kizuri.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa magofu hata methali hiyo haitoshi, maana ukuta wa miaka 500 ukishaanguka hakuna fundi wa kuujenga tena. Utakaojengwa utakuwa ukuta mwingine.

Mwalimu,
Vitongoji, Pemba.